Mchumia Juani Naye Huugua



Juma hili nawaandikia nikiwa nimerudi safari ya mbali. Nilikwenda Malaba kumwona kaka yangu, ambaye kazi ya kuondosha mizigo mpakani ilimtoa Mombasa miaka mingi iliyopita, na njiani nikateremka Adungosi. Huenda wengi wenu hamlijui jina hilo. Ni soko katika Kaunti ya Busia, kwenye barabara kuu itokayo Bungoma kwenda Malaba, barabara ile ile yapitayo malori yaliyopakia bandarini kwetu yakielekea Uganda. Wenyeji wa hapo aghalabu ni Wateso. Hulima mihogo, wimbi, mtama na mahindi kwa chakula, na miwa na tumbaku kwa fedha.

Sababu ya kuteremka hapo ni hii. Binti anisaidiaye kazi za nyumbani ametoka huko. Miezi michache iliyopita alinijia jikoni, simu mkononi, macho yamemjaa machozi.

"Mama," akaniambia, "wamenipigia kutoka nyumbani. Mdogo wangu ana homa, na mamangu hana kitu. Naomba unikopeshe elfu mbili, utanikata mwisho wa mwezi."

Nikampelekea mamake fedha zile papo hapo, wala sikumkata mwisho wa mwezi. Nikalala usiku ule nikijiona nimetimiza wajibu. Nilipofika kwao ndipo nilipotambua kwamba nililolifanya lilikuwa jema, lakini silo lililohitajiwa zaidi.

Mama yule alinikaribisha chini ya mwembe, akaniandalia chai na mihogo ya kuchemsha. Yeye ni kibarua. Hana shamba la kumtosha, basi hulima mashamba ya watu kwa kutwa: huku palizi ya mahindi, kule kupanda miwa, na msimu wa tumbaku ukifika huchuma majani. Siku aliyolima hulipwa, na siku asiyolima hailipwi. Nilimwuliza habari za yule mwanawe, akanisimulia bila ya kulalamika.

Siku ya kwanza ya homa alinunua vidonge vichache dukani, bila ya mtoto kupimwa. Siku ya pili akamwacha kwa nyanyake, akaenda kulima. Siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege. Hapo ndipo alipompigia bintiye Mombasa. Fedha zangu zikalipa pikipiki, kisha zikalipa daktari wa kibinafsi na dawa, na mtoto akapona kwa rehema za Mola. Lakini zahanati ya serikali ilikuwa mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Na kijijini mwao kuna mhudumu wa afya ya jamii, jirani yao kabisa, ambaye mkobani mwake ana kipimo cha malaria cha kuchoma kidole pamoja na dawa.

"Mbona hukwenda zahanati, mama?" nikamwuliza.

"Nilisikia siku hizi lazima uwe na ile SHA," akajibu. "Nilidhani ni ya watu wenye mshahara. Na pale kuna foleni. Siku nikishinda kwenye foleni, jioni watoto watakula nini?"

Majibu hayo mawili nimekuja nayo mpaka hapa, maana ndani yake mna habari yote ya familia za vibarua wa mashamba. La kwanza ni kwamba hakuambiwa kuwa mlango ule ni wake pia. La pili ni kwamba kila saa aitumiayo kuutafuta mlango huo huilipa kwa chakula cha wanawe. Liko na la tatu ambalo hakulisema, nami niliona haya kumtajia: hakuwa na mtu wa kwenda naye. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kweli hiyo ni ya mwenye shamba. Kibarua huchuma juani, na kivuli hukipata akiwa amelazwa.

Ndugu zangu, tuyaweke mambo wazi, kwa kuwa huenda hata miongoni mwetu wako wanaodhani kama alivyodhani mama yule. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi mwezi wa Oktoba 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mapya yaitwayo SHA yamechukua nafasi ya ile NHIF tuliyoizoea. Ndani yake mna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huo hulipia matibabu ya mgonjwa asiyelazwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na aliyekwisha kujisajili hatakiwi kulipa mchango wowote ili atibiwe huko. Wa pili ni mfuko wa bima wenyewe, ulipiao kulazwa na kujifungua, na huo ndio unaotaka mchango. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu na mazito.

Tofauti ya kujisajili na kuchanga ndiyo inayowapotea wengi. Kujisajili hakuna malipo. Mtu hupiga *147# kwa simu yake, au huenda kituoni na kitambulisho chake cha kitaifa, akaandikwa. Mchango ni jambo jingine. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali yake, nyumba yake imeezekwa nini, maji huyapata wapi, choo chake ni cha namna gani, kisha hukadiriwa kiasi chake. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, nacho hutakiwa kilipwe cha mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Kwa kibarua wa kutwa fedha hizo ni nyingi, sitaki kulificha hilo. Lakini homa ya mtoto na kikohozi cha nyanya havikungoja shilingi 3,600. Vilikuwa vikingoja usajili tu.

Wifi yangu alikuwa amefuatana nami kutoka Malaba. Akaichukua simu ya mama yule, tukaanza. Mara ya kwanza mtandao ulikatika. Mara ya pili tukafika kwenye maswali, na wifi akawa anamfasiria moja moja, maana yalikuja kwa maneno ambayo mama hakuyazoea. Mbele ya chungu cha pili cha chai alikuwa amekwisha kusajiliwa. Watoto ndio waliotutatiza. Wakubwa wana vyeti vya kuzaliwa, lakini huyu mdogo aliyeugua ana kadi ya kliniki tu, na ili aandikwe chini ya mamake yahitajika cheti. Cheti maana yake ni safari, na safari maana yake ni siku nyingine isiyolimwa. Wifi akaahidi kumfuata siku ya pili yake waende pamoja. Wala hakumpa fedha ya mboga siku hiyo. Alimpa siku yake mwenyewe.

Hapo nikakumbuka jambo lililowahi kufanyika katika Busia hiyo hiyo. Mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule za msingi 75 za iliyokuwa Wilaya ya Busia, upande wa kusini. Wataalamu waliofuatilia waliona kwamba utoro shuleni ulipungua kwa kadiri ya robo, na hata watoto wa jirani wasiokunywa dawa walifaidika kwa kuwa maambukizi yalipungua. Mmoja wa waliouchunguza mradi huo, Michael Kremer, alikuja kuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Mimi si mchumi, lakini naona somo lake ni jepesi. Dawa zile hazikuwa ngeni wala ghali. Lililofanywa ni kuzipeleka pale watoto walipokuwapo tayari, badala ya kungoja kila mzazi aache jembe lake aje kuzitafuta.

Ndiyo hekima ya wale wahudumu wa afya ya jamii, ambao mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua jeshi lao la zaidi ya watu 100,000 nchini kote, kila mmoja na nyumba zake za kuzitembelea. Familia ya kibarua imjue mhudumu wake kwa jina na kwa njia ya kwake, kama imjuavyo mkunga. Kwa eneo kama Busia, ambalo malaria haiondoki mwaka mzima, kumjua jirani huyo kwaweza kuwa tofauti ya homa ya siku moja na degedege la siku ya tatu. Hali kadhalika chanjo ya malaria: Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizoanza kuitoa mwaka 2019. Ina dozi nne, na ile ya nne huja muda mrefu baada ya tatu za mwanzo, wakati mama amekwisha kusahau kadi iko sanduku gani. Kumkumbusha ni sadaka isiyopungua chochote mfukoni.

Nirudi kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa kuna maradhi yanayotoka shambani moja kwa moja. Jani la tumbaku likiwa bichi na lina umande, nikotini yake hupenya ngozini mwa anayelichuma. Hupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na maumivu ya kichwa, naye hudhani ni malaria. Kwa hivyo mchumaji na amwambie daktari kazi aliyoifanya, asingoje aulizwe. Nguo zilizolowa umande huo zivuliwe na mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto. Kwa wakata miwa kuna hatari ya panga, na kuna hatari ya jua. Huko Amerika ya Kati, katika mashamba ya miwa ya Nikaragua na El Salvador, vijana wengi wamepatwa na maradhi ya figo, na wataalamu wameyahusisha na kazi nzito katika joto kali. Baadhi ya mashamba huko yameanza kuwapa wafanyakazi wao mambo matatu: maji, kivuli na mapumziko. Hapana shamba, la Busia wala la pwani yetu, lisiloweza kutoa matatu hayo.

Na mwenye shamba ana wajibu wa kisheria pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake aliyeugua anapata dawa, na akizidiwa, atazamwe na daktari ikiwezekana. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa, siku 7 kwa malipo kamili na siku 7 nyingine kwa nusu malipo, akileta barua ya daktari. Mama mfanyakazi ana miezi mitatu ya uzazi kwa malipo kamili. Na yule aitwaye kibarua, ambaye siku zake za kazi zisizokatika zimejumlika mwezi au zaidi, sheria haimhesabu tena kuwa wa kutwa. Aliyeumia kazini, Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amfidie. Juu ya yote hayo, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haibagui aliyesajiliwa na asiyesajiliwa. Tena mpakani pale wapo vibarua wanaovuka kutoka upande wa Uganda kuja kulima, na homa haina pasi ya kusafiria.

Sasa nakuja kwetu, na hapa ndipo ninapojiona mwenye kosa. Binti yule amekaa nami miaka mitatu. Nimempa chakula, malazi na mshahara kwa wakati, kwa kuwa dini yetu haituruhusu kumcheleweshea mfanyakazi haki yake. Lakini sikuwahi hata siku moja kumwuliza kama amesajiliwa. Mshahara wa shilingi 12,000 hukatwa shilingi 330 tu kwa mwezi, na ni mimi mwajiri niliyepaswa kuzikata na kuziwasilisha kabla ya tarehe 9 ya mwezi ufuatao. Sikuzikata, kwa kuwa nilidhani hayo ni mambo ya makampuni. Ningalikuwa na haki gani basi ya kumlaumu mwenye shamba wa Adungosi?

Wengi wenu mko kama mimi. Jikoni mwetu yumo binti wa kutoka Busia, Bungoma au Kakamega. Kwenye minazi, miembe na mikorosho yetu ya Kilifi na Kwale wapo watu wanaotupandia na kutuangulia, ambao hatujui wanapougua huenda wapi. Wako wakata mkonge wa Vipingo na wakata miwa wa Ramisi, ambao wake zao hukaa nasi katika foleni moja ya kliniki. Hao si watu wa mbali.

Basi nini la kufanya? Nataja machache, yanayowezekana na mama wa nyumba ya kawaida.

Kwanza, mwulize leo yule unayemwajiri: umesajiliwa? Na mumeo au mkeo na watoto wako je? Kumbuka kwamba usajili wake huwafunika mwenza wake na watoto wake. Haumfunikii mamake aliye kijijini. Mama ni kaya nyingine, naye ajisajili kwa kitambulisho chake.

Pili, asiyejua kusoma maswali ya simu, kaeni naye. Mfasirie bila ya kumjibia. Maswali yale huamua kiasi atakachotakiwa kulipa, basi majibu yawe ya kweli, yawe yake.

Tatu, tazama makaratasi kabla ya ugonjwa: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki. Vikusanywe mahali pamoja. Na akiwapo nyumbani mzee wa miaka 70 na zaidi, mwenye ulemavu mkubwa, au yatima, iulizwe habari ya Inua Jamii, mpango wa serikali uwapao walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wapo wanaostahili wasioandikwa kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Nne, mpe siku. Ukiwa mwajiri, usimkate ujira wa siku aliyompeleka mtoto zahanati. Hili pekee, lau lingefanywa na kila mwenye shamba, lingeokoa watoto kuliko mafungu mengi ya fedha tunazozituma usiku wa manane.

Tano, vikundi vyetu vya akina mama, vile vya kuchangiana harusi na mazishi, vinaweza kutenga kidogo kila mwezi kulipia mchango wa mwaka wa familia moja. Kuhusu zaka kutumika kwa jambo hilo, waulizeni masheikh wenu, mimi sina elimu ya kufutu. Sadaka mlango wake ni mpana, wala haimwulizi jirani dini yake.

Mahusiano yetu na Magharibi si ya jana. Tangu karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikifika Mumias kwa Nabongo, na kwa njia hiyo Uislamu ukapata makao kule. Wazee wetu walikwenda wakakaa na watu, wakaoana nao, wakajua majina ya watoto wao. Sisi tumebaki kujua nambari zao za simu tu, na kuzipelekea fedha.

Juma lililopita mama yule alipiga simu. Moyo wangu ulishtuka, nikadhani mtoto tena. Ni kweli, alikuwa mtoto tena. Aliamka na homa, akampeleka kwa mhudumu wa kijijini kabla ya jua kupanda, akachomwa kidole, akaonekana ana malaria, akapewa dawa na karatasi ya zahanati iwapo homa haitashuka. Kufikia saa tano mama alikuwa shambani, na mtoto kwa nyanyake akinywa uji.

"Nimepiga tu kukuambia, mama," akasema. "Sina shida."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa majirani zetu, na atujaalie kuwa watu wa kuonana kabla ya shida. Tukutane juma lijalo, insha'Allah. Wabillahi tawfiq.